Mtungi wa Kufikisha Adhuhuri

Nusu alikuwa amekwisha kukiri. Alikiri kabla hajaulizwa, pombe bado inamnuka mdomoni, shati limechanika begani pale majirani walipomkwida, na Koplo aliyekuwa zamu aliyaandika maelezo yake kwa raha ya mtu anayeona kazi imejimaliza yenyewe. Mashine ya kupumulia ya kaka yake imetoweka. Kaka yake amekufa kitandani kwa kukosa hewa. Aliyeachwa naye nyumbani ni Nusu. Na Nusu mtaa mzima ulimjua: jina hilo alipewa kwa sababu hakuna jambo aliloanza akalifikisha mwisho. Alijenga nusu ukuta, alisoma nusu ya ufundi wa magari, na watu walisema hata harusini kwake aliondoka kabla ya bibi harusi kufika.

"Uliiuza kwa nani?" Inspekta alimwuliza.

"Kwa mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu tu, Afande. Andika nimeuza, nifungwe, yaishe."

Inspekta alikuwa mwanamke mpana mwenye sauti ndogo, na kituoni waliomhofia walimhofia kwa kitu kimoja: alijua kunyamaza. Alinyamaza sasa, mikono imelala mezani, akimtazama yule mwanamume aliyekuwa akikuna goti lake kana kwamba anatafuta kitu chini ya ngozi. Watu wengi wakinyamaziwa hivyo huanza kujitetea. Nusu hakujitetea. Alitazama sakafu, akaomba maji, akapewa, akayaacha.

"Huyu hataki kutoka," Inspekta alisema walipokuwa koridoni.

"Nani asiyetaka kutoka mahabusu, Afande?" Koplo alicheka. Alikuwa mtu mzima, amebakiza muda mfupi kustaafu, na magoti yake yalilia kila aliposhuka ngazi. "Mimi mwenyewe nalipwa kukaa hapa na bado nataka kutoka."

Walianza na mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa kuwa kila kilichopotea mtaa ule huanza kutafutwa kwake. Aliwapokea akiwa amekaa juu ya injini. Hakukataa kwamba anamjua Nusu.

"Aliniletea pasi ya mkaa isiyo na mpini. Nikampa kidogo, nikamwonea huruma. Mashine ya hewa? Hapana, Afande. Ile ukiiweka hapa hata saa moja haimalizi, watu wamejaa mlangoni wanauliza imekuwaje. Kila mtu anajua ipi inampumulisha nani. Mama mkwe wangu anayo moja. Nani atanunua pumzi ya mama mkwe wake?"

"Wapo," alisema Koplo.

"Mimi namwogopa mke wangu."

Inspekta aliangalia rundo la vyuma, akaangalia mikono ya mtu yule, akamwamini. Wakaelekea nyumbani kwa marehemu.

Marehemu walimwita Fundi Magodoro. Maisha yake yote alijaza sufi kwenye magodoro na mito ya watu, akaidunda kwa fimbo mpaka ikalainika, akaishona. Miaka ilipopita sufi nayo ikamjaza yeye. Mapafu yalikakamaa. Hospitali ya rufaa ilimwambia anahitaji oksijeni kila siku mpaka mwisho wake, ikamwonyesha mlango. Kilichomweka hai baada ya hapo ni mashine yenye ukubwa wa kiti kifupi, inayovuta hewa ya chumbani na kutoa iliyo safi kwa mpira wa puani. Mashine hizo zilitengenezwa na kampuni changa ya mwanamke mmoja kijana aliyejulikana kwa jina la Mhandisi, zikapangishwa kwa watu wasioweza kununua. Mtaa ule zilikuwa zimeenea kiasi kwamba ukipita uchochoroni mchana ulizisikia zikinguruma ukutani.

Chumba cha Fundi kilikuwa kimya. Mjane alikaa mkekani, khanga imefunika magoti, jirani mmoja pembeni yake. Mjane alikuwa akifua nguo kwenye hoteli, na siku ya kifo alikuwa kazini.

"Ni shemeji yangu, dada, sitakuficha," alimwambia Inspekta. "Alishauza sufuria zangu. Aliuza redio. Nikasema atakoma, ni ndugu wa mume wangu, nitamtupa wapi? Sasa angalia."

"Ulipotoka asubuhi mashine ilikuwa inafanya kazi?"

"Nilimwacha anakunywa chai. Aliniambia nisichelewe, lakini si kwa kuumwa. Alikuwa anatania. Alisema, 'Ukichelewa nitaoa.'" Jirani akampapasa mgongo.

Inspekta aliomba ruhusa ya kuangalia, akapiga magoti karibu na kitanda. Swichi ya soketi ilikuwa imezimwa. Waya wa kurefushia umeme ulikuwa umekunjwa vizuri, ukafungwa kwa kifundo. Mpira wa puani ulining'inia msumarini, na pete yake ya plastiki haikuwa na mkwaruzo wowote; aliyeutoa aliufungua, hakuuvuta. Juu ya kiti palikuwa na kitambaa cha magodoro chenye mistari, kimekunjwa mara nne.

"Hiki nini?"

"Ndiyo koti la mashine," alisema mjane. "Aliishonea mwenyewe, isiingie vumbi. Nilipotoka ilikuwa imelivaa."

"Basi mwizi wetu ana adabu," Koplo alinong'ona. "Kazima umeme, kakunja waya, kavua koti kalikunja. Bado kuosha vyombo."

Inspekta alikuwa ameinamisha kichwa mpaka shavu likakaribia sakafu. Kwenye saruji, upande wa kichwani mwa kitanda, palikuwa na alama ya mviringo ya kutu, ukubwa wa sahani.

"Hapa palikaa nini?"

"Hapo hapakai kitu, dada. Ndipo ninapoweka miguu nikiamka."

"Nani alisafisha chumba baada ya msiba kutokea?"

Jirani aliyekaa pembeni alisogeza mdomo. "Sisi wanawake. Tulitoa kila kitu, watu wapate pa kukaa. Kulikuwa na... mimi nilidhani mtungi wa gesi. Nikautoa nje nisije nikalipua watu."

"Uko wapi?"

Ulikuwa nyuma ya nyumba, umeegemea tangi la maji, na mtu alikuwa ameshautundikia ndoo. Mtungi mwembamba wa chuma, kitako kina kutu, na shingoni una kipimo cha kioo. Mshale wa kipimo ulikuwa umelala kwenye sifuri. Karatasi ya kampuni ilikuwa imebandukwa ubavuni, lakini gundi haikutoka yote, na mabaki yake yalikuwa ya ile rangi ya kijani ambayo Inspekta alikwisha kuiona kwenye mashine za mtaani.

"Mwizi haachi hewa ya akiba," alisema, akaubeba mwenyewe.

Kabla ya kurudi kituoni waligonga nyumba ya mgonjwa wa karibu, mwalimu mstaafu aliyekuwa akiishi peke yake. Mashine ilikuwa inanguruma miguuni mwake. Mwalimu alizungumza maneno machache machache, akivuta pumzi katikati kama mtu anayepanda mlima.

"Mashine yako iliwahi kutoka humu siku ile, Mwalimu?"

"Hapana."

"Hakuna mtu aliyekuja kuichukua, akakuachia mtungi kama huu?"

Mwalimu aliutazama mtungi muda mrefu. "Mimi nilikuwa nimelala, mwanangu."

"Siku nzima?"

"Wazee tunalala." Kisha, bila kuulizwa, akaongeza: "Kampuni hii ikifungwa, hakuna nyingine. Unalijua hilo?"

"Sijasema inafungwa."

"Basi usiseme."

Inspekta alimuaga kwa heshima. Nje, Koplo alisema mzee yule anadanganya vibaya kuliko watoto. Inspekta alisema ndiyo, na kwamba nyumba zote zilizobaki zitadanganya vilevile, kwa hiyo hakuna haja ya kuzichosha.

Mtungi uliwekwa mezani mbele ya Nusu. Hakuna aliyemwuliza kitu. Aliuona, akafumba macho, na mabega yake yakashuka kama gunia lililotobolewa.

"Ni Spana," alisema.

Spana alikuwa fundi mitambo wa kampuni, mrefu, mwembamba, mwenye tabia ya kupiga mluzi. Ndiye aliyezunguka nyumba hadi nyumba kusafisha mashine. Asubuhi ile, Nusu alieleza, alikuja na gari dogo la mizigo. Alimwambia Fundi kwamba wageni wa mfuko unaoifadhili kampuni wanakuja kuona kazi, na mashine mpya walizoahidiwa hazijakamilika, kwa hiyo kampuni inaazima za majumbani, kwa asubuhi hiyo tu.

"Kaka alikataa?"

"Kaka ndiye aliyekubali! Mimi nilisema hapana. Wallahi, kwa mara moja katika maisha yangu nilisema la maana. Kaka akasema wageni wakiridhika watatoa fedha, kampuni itatengeneza nyingine nyingi, na wenzake waliopo kwenye foleni nao watapumua. Akavua lile koti mwenyewe, akalikunja. Akamwambia Spana asilichafue dude."

"Spana akaacha mtungi."

"Akasema ni wa kufikisha adhuhuri. Kabla ya hapo atakuwa amesharudi. Akaniambia nikae naye, nisitoke. Akanipa ya soda."

"Ukatoka."

Nusu alikuna goti. "Kaka alilala. Nikasema dakika mbili. Pale kona walikuwa wanacheza karata. Niliporudi niliwaona watu mlangoni, nikasikia shemeji analia. Sikuingia. Nikapita moja kwa moja kama mtu asiyehusika."

"Kwa nini ukasema umeuza?"

"Nimwambie shemeji nini? Kwamba niliachiwa mtu nimwangalie, nikashindwa hata kumwangalia? Afadhali niwe mwizi, Afande. Wizi ananijua nao."

Inspekta alichukua maelezo mapya, akamsomea, Nusu akaweka sahihi. Ilikuwa nusu ya jina lake. Koplo alimrudishia kalamu amalizie.

Jengo la kampuni lilikuwa karakana ya zamani iliyopakwa rangi. Nusu ya mbele iligeuzwa wodi ya maonyesho: vitanda vimepangwa, mashuka bado yana mikunjo ya dukani, na kando ya kila kitanda mashine ya hewa, safi, inang'aa. Ukutani palikuwa na bango la mfuko wa wawekezaji uliotoa fedha, lenye picha ya mikono iliyoshikana na maneno kwamba fedha zao huenda mahali zinapobadilisha maisha. Nyuma ya pazia palikuwa na karakana yenyewe, na hapo Inspekta aliona magamba ya mashine yasiyo na kitu ndani, yamepandana mpaka dirishani.

Spana hakupiga mluzi alipowaona.

"Mashine zote hizi ni mpya?"

"Mpya, Afande. Bado hazijaenda kwa wagonjwa."

"Nifungulie chujio za hewa."

"Chujio?"

"Zile unazosafisha kila mwezi. Nifungulie."

Spana alitazama mlango wa ofisi. Akachukua bisibisi. Ya kwanza ilikuwa tupu. Ya pili ilikuwa na masizi, meusi, ya jiko. Ya tatu nayo masizi. Inspekta alisimama kando yake, akizipanga zile chujio juu ya shuka jeupe. Kufika kitanda cha karibu na dirisha, Spana alifungua kifuniko, akashusha bisibisi.

Ndani, zimejibana kwenye matundu kama manyoya ya kifaranga, zilikuwa nyuzi za sufi.

"Mbona hukuirudisha?" Inspekta aliuliza.

"Nilirudisha za wengi, huku na huku... nyingine tulibakisha hapa, za wale waliopewa mitungi mikubwa. Hii niliipakia nikaipeleka, Afande. Nilifika uchochoroni. Nikasikia kilio." Midomo yake ilikuwa imekauka. "Nikageuza gari. Nikabandika namba mpya. Sijui kwa nini nilibandika namba. Mikono ilifanya tu."

Mhandisi alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi muda wote huo. Alikuwa mdogo kuliko Inspekta alivyotegemea, amevaa ovaroli, macho yamevimba. Hakumtafuta wakili. Alivuta viti viwili, akakaa, akasubiri.

"Nani alitoa amri ya kukusanya mashine majumbani?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Mfuko hutoa fedha kwa awamu. Awamu ya pili inatoka wakiona wodi iliyojaa mashine zinazofanya kazi. Mashine hazijai bila awamu ya pili. Niliwaandikia, nikawapigia simu, wakaniambia wana imani nami." Alisema bila uchungu, kama anayesoma maelekezo ya dawa. "Yale magamba umeyaona. Yanasubiri pampu. Pampu zinasubiri fedha."

"Mgeni alipaswa kufika lini?"

"Asubuhi mapema. Aangalie, aondoke. Nilipiga hesabu ya mitungi, ikatosha na kubaki. Akachelewa. Alipofika akataka kwanza kuzungumza na wafanyakazi. Kisha chakula. Kisha akataka kupiga picha na wagonjwa."

"Wagonjwa gani?"

Mhandisi aliangalia mikono yake. "Wafagiaji wetu. Mlinzi. Na shangazi yangu, kitanda kile cha katikati. Alimshika mgeni mkono akamwambia sasa naweza kucheza na wajukuu. Hana wajukuu."

"Ulijua mitungi inaisha."

"Nilijua."

"Spana alikuja kukuambia?"

"Alikuja mara mbili. Nilimwambia asubiri kidogo. Magari ya wageni yalikuwa yameziba geti, na kuyaondoa ningelazimika kueleza." Akanyanyua uso. "Wengine wote walifika mpaka mashine ziliporudi. Mwalimu tulimkuta midomo imeshakuwa ya bluu, lakini alifika. Nilikuwa najiambia wakifika wote sitarudia tena."

"Na fedha?"

"Walitoa. Siku ya mazishi."

Inspekta alimwambia avae viatu vya kutokea. Mhandisi akaomba kitu kimoja, kwamba Spana aachwe azungukie mashine za majumbani, kwa sababu zingine zinahitaji kuangaliwa kila wiki. Inspekta alisema Spana naye anakuja. Mhandisi akatikisa kichwa kukubali, akazima taa ya karakana.

Meneja wa mfuko alikuwa na ofisi ghorofa ya juu, madirisha marefu, na kahawa iliyoletwa kabla ya mtu kuomba. Alikuwa amesikia. Alisikitika, na Inspekta, aliyekwisha kuona masikitiko ya kila aina, aliona kwamba haya hayakuwa ya kuigiza.

"Tulikuwa tunampenda sana yule binti. Ni katika kampuni bora tulizowahi kuziwezesha."

"Mlipoona mashine zile wodini, mliuliza zimetoka wapi?"

"Hatuulizi zimetoka wapi, Inspekta. Tunauliza zimegusa maisha ya watu wangapi."

"Mgeni wenu alichelewa. Mliwaarifu?"

"Ratiba hubadilika. Hakuna aliyetuambia kwamba kuna jambo linategemea saa." Akageuza kikombe chake. "Naomba nikueleze kitu, usikichukulie kama vitisho. Mkataba wetu unasema kiongozi wa kampuni akishtakiwa, tunasimamisha kila kitu. Mashine zilizoko majumbani ni dhamana yetu. Tutalazimika kuzikusanya. Si mimi ninayeamua. Fedha hizi ni za watu waliotukabidhi."

"Na wagonjwa?"

"Tutawaandikia hospitali ya rufaa."

"Ile iliyowaonyesha mlango."

Meneja akasema, kwa sauti ya chini, kwamba anaelewa tayari kuna mtu amekiri wizi. Kwamba kama mtu amekiri, pengine ukweli wa kisheria umekwisha kupatikana, na watu wataendelea kupumua. Inspekta alisimama. Hakuigusa kahawa.

Kwenye ngazi Koplo, magoti yakimlia, alimwuliza kama yule bwana amemhonga.

"Hapana. Amesema kweli. Hiyo ndiyo mbaya."

"Sasa tunafanyaje, Afande?"

Inspekta alishuka ngazi mbili tatu kabla hajajibu. "Mtu amekufa, Koplo. Tunajua aliyechukua hewa yake, tunajua kwa nini, tumeishika chujio mkononi. Nikiandika kingine nitakuwa nimeandika uongo."

Akaandika kweli. Alipeleka jalada kwa mwendesha mashtaka: mtungi, chujio ya sufi, maelezo ya Spana, ya Mhandisi, ya Nusu, na hata ya shangazi. Lilikuwa jalada zuri. Mwendesha mashtaka, mtu mwenye kusoma haraka, alilisifu. Siku chache baadaye alimwita.

"Nimekaa na wakili wa kampuni," alisema. "Ametumia jalada lako, na siwezi kumlaumu, limepangika. Marehemu alikubali mashine ichukuliwe. Akaachiwa oksijeni. Akaachiwa mtu mzima wa kumwangalia, aliyeambiwa asitoke, akapokea malipo kwa kazi hiyo. Mtu huyo akaenda kucheza karata. Mtungi ukikaribia kuisha, nani alipaswa kupiga kelele?"

"Mhandisi aliambiwa mara mbili."

"Na aliamini kuna mtu pale. Kwa Mhandisi, mahakamani tutapigana na mkono usiokuwepo chumbani. Huyu mwingine yupo, na maneno yako mwenyewe yanamweka pale." Alifunga jalada. "Mhandisi na fundi wake wataonywa. Yule mdogo wa marehemu atashtakiwa. Si wizi tena. Kuua bila kukusudia."

Inspekta alisimama pale mpaka mwendesha mashtaka akaanza kusoma jalada jingine.

Yeye ndiye aliyempelekea mjane habari. Alimweleza yote, mwanzo hadi mwisho, akikaa naye mkekani. Mjane alisikiliza bila kulia. Inspekta alipomaliza, mjane alisema: "Kwa hiyo hakuiba."

"Hakuiba."

"Na bado mnamfunga."

"Ndiyo."

"Dada, wewe ulikuja hapa kufanya nini?"

Swali hilo halikuulizwa kwa hasira. Mjane hakusubiri jibu. Aliinuka kwenda kuanua nguo za hoteli, ambazo siku hizi alizifulia nyumbani.

Kwamba Mhandisi hatimaye hakushtakiwa haikusaidia kitu. Jina lake lilikuwa limeshatoka magazetini, na mkataba ulikuwa na kipengele kingine kuhusu jina kuchafuka. Mfuko ukasimamisha fedha. Mashine zikatakiwa zirudishwe. Mtaani walisema watazificha, wengine wakasema watapigana, na kwa sababu hiyo kituo kikaombwa kutoa askari wa kulinda zoezi. Mkuu wa kituo alimpa Inspekta kazi hiyo. Alisema ni kwa kuwa anaujua mtaa.

Hakuna aliyepigana. Lori lilisimama barabarani kwa sababu halikuingia uchochoroni, na wapagazi walitangulia mbele na mkokoteni. Watu walisimama milangoni. Yule mnunuzi wa vyuma chakavu alitoa mashine ya mama mkwe wake mwenyewe, mkewe akimfuata nyuma akimtukana yeye, serikali, na wapagazi, kisha akamfikia Inspekta, akamtazama, akashindwa kutukana.

Kwa Mwalimu mlango ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi kitandani, amevaa shati la kutokea, vifungo vimefungwa mpaka shingoni.

"Karibu, mwanangu. Nilijua ni leo."

"Kuna ndugu wa kukupeleka hospitali, Mwalimu?"

"Kuna mpwa wangu. Amesema kesho." Akavuta pumzi. "Anasema kesho tangu juzi."

Wapagazi wawili waliingia, wakasita, wakamwangalia Inspekta. Inspekta alifungua mdomo kuwaambia wangoje, wampe mzee muda kidogo, ingawa hakujua muda huo ungekuwa wa nini. Mwalimu akainua mkono kuwazuia. Alichukua kitambaa chenye unyevu kilichokuwa mapajani, akainama taratibu, akaanza kuifuta mashine. Alifuta juu, akafuta pembe, akapitisha kidole kwenye mitaro ya kifuniko, akivuta pumzi kila baada ya mfuto. Ilimchukua muda. Wapagazi walisimama kofia mkononi.

"Asije mtu akasema tulikuwa hatuitunzi," alisema.

Kisha akautoa mpira puani, akanyoosha mkono kwenye soketi, akaizima mwenyewe.

Ngurumo ikakata. Wapagazi wakainua mashine, mmoja upande huu, mmoja upande ule, wakatoka nayo kwa uangalifu kama wanaobeba mtungi wa maji uliojaa. Mwalimu alilaza mgongo ukutani na mdomo ukafunguka kidogo. Inspekta aliketi ukingoni mwa kitanda. Aliketi pale mpaka Koplo alipomwita kutoka nje kwamba nyumba inayofuata wamefungua.